Kesi ya Polisi na Kesi ya Ndoa: Anachofanya Msaidizi wa Kisheria kwa Mtu Anayepigwa Nyumbani

Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Wenzetu wa Kenya wanayo tangu 2015, na hakimu wao anaweza kutoa amri ya ulinzi, hata kumzuia mkosaji asikanyage nyumbani. Kwetu, haki za mtu anayepigwa na mwenza wake zimetawanyika: nyingine zimo kwenye Kanuni ya Adhabu, nyingine kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, nyingine kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na zilizobaki kwenye sheria za ushahidi na za mwenendo wa kesi za jinai. Ofisi nazo zimetawanyika vivyo hivyo. Mama aliyevimba jicho anaambiwa aende polisi, polisi wanamtuma hospitali, hospitali wanamrudisha polisi, ustawi wa jamii wanamwelekeza baraza la kata, na mjumbe alishamwambia tangu mwanzo kwamba mambo ya mke na mume humalizwa chumbani. Akifika ofisi ya tatu nauli imekwisha, na watoto wako peke yao nyumbani.

Hapo ndipo anapohitajika msaidizi wa kisheria. Si wakili. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, fundi cherehani, mama mwenye kibanda sokoni au kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye amepata mafunzo, amesajiliwa na anafanya kazi hii bila kumtoza mtu pesa. Mashirika kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) yalikuwa yakitoa msaada wa kisheria kwa wanawake tangu miaka ya 1990, lakini ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliyomtambua rasmi msaidizi wa kisheria na kumweka chini ya Msajili, katika wizara inayoshughulikia katiba na sheria. Mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikalifanya neno "msaada wa kisheria" lisikike mpaka vijijini. Kusikika ni jambo moja. Kujua mtu huyu anafanya nini hasa, na nini hatakiwi kufanya, ni jambo jingine, na hapo wengi wanachanganya, wakiwemo baadhi ya wasaidizi wenyewe.

Njia mbili zisizokutana

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote ni huu: kupigwa na mume kunafungua njia mbili za kisheria, nazo ni tofauti kabisa. Ipo njia ya jinai na ipo njia ya ndoa. Anayezichanganya huishia kupoteza zote mbili.

Tuanze na jinai. Kumpiga mwenza ni kosa kama kumpiga jirani. Sheria ya Ndoa yenyewe, kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo, mila ziseme zinavyosema. Maneno hayo yameandikwa tangu 1971. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya na watu wa 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 58 ya wanawake wa umri huo walikubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Kwa hiyo mama wengi wanaokuja kuomba msaada wanaanza kwa kujieleza walikosea nini. Msaidizi mzuri anamwacha amalize, kisha anamsomea kifungu hicho taratibu, kwa Kiswahili, kutoka kwenye kitabu chenyewe. Nimeona watu wakiomba kisomwe mara ya pili.

Katika kesi ya jinai, mlalamikaji mbele ya mahakama ni Jamhuri; mama ni shahidi. Faida yake ni kwamba halipi ada ya kufungua kesi wala hahitaji wakili, kwa kuwa upande wa mashtaka unaendeshwa na Serikali. Ugumu wake ni kwamba kesi si mali yake. Hawezi kuamka asubuhi akasema "nimeifuta" na ikafutika, ingawa kwa makosa madogo ya shambulio sheria inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema: hukumu ya jinai humwadhibu mkosaji, na pengine ikamwamuru alipe fidia, lakini haitoi talaka, haigawi nyumba na haipangi matunzo ya watoto.

Hayo yote yako kwenye njia ya pili. Huku mama mwenyewe ndiye mwenye shauri, na ndiye anayeamua anaomba nini: talaka, kutengana kwa amri ya mahakama bila kuvunja ndoa, matunzo, malezi ya watoto au mgawanyo wa mali. Ukatili wa kimwili au wa kiakili, kwake au kwa watoto, ni mojawapo ya ushahidi unaokubalika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Wakati shauri la ndoa likiendelea, mahakama ina uwezo wa kumwamuru mume aache kumsumbua mkewe. Ukitaka amri ya namna hiyo, basi, ni lazima uwe umeshaingia kwenye mashauri ya ndoa. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko yote katika sheria zetu, kwa sababu mtu anayehitaji ulinzi leo huenda hajajua bado kama anataka kuachika.

Mama wengi wanaokwenda polisi hawataki mume afungwe. Wanataka "atishwe kidogo" aache, maana yeye ndiye anayelipa kodi ya nyumba na ada. Ukimcheka mama huyo au ukimwambia ni mwoga, umempoteza. Ukimweleza kwamba kuna amri ya kutengana, na kwamba matunzo yanaweza kuombwa mahakamani bila kusubiri mtu afungwe, umemwonyesha mlango ambao hakujua upo. Na njia zote mbili zinaweza kwenda sambamba. Moja haizuii nyingine.

Kaunta, RB na PF3

Sehemu inayoamua hatima ya kesi nyingi haiko mahakamani. Iko kwenye saa chache za kwanza, kati ya kaunta ya polisi na chumba cha daktari.

Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na panapokuwa na dawati ndipo pa kwenda, kwa sababu pana faragha. Pasipokuwa nalo, mama husimama kaunta na kueleza mambo ya chumbani kwake mbele ya foleni ya watu waliopotelewa na simu. Kuwepo kwa msaidizi pale kuna kazi moja kubwa: kuomba kwa adabu kwamba mama asikilizwe pembeni, na akipenda, na askari wa kike. Kisha taarifa inaandikwa na inapewa namba, ile tunayoiita RB. Namba hiyo inanakiliwa mahali pawili, na nakala moja isiwe kwenye simu ya mama, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuvunjwa ugomvi ukianza tena.

Baada ya hapo inatolewa PF3, fomu ya polisi anayokwenda nayo hospitali. Aliyeumia vibaya anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono ndani ya hospitali, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, na mama hatembezwi. Penginepo ni kutembea. Daktari anaandika majeraha aliyoyaona na kitu kinachoelekea kuyasababisha, naye huandika anachokiona siku hiyo. Michubuko ya Jumamosi haionekani vizuri Alhamisi. Ndiyo maana "nitaenda nikipata nafuu" ni hatari, na inapaswa kusemwa hivyo bila kumtisha.

Kuna jambo dogo hapa linaloharibu kesi nyingi. Mama amewahi kwenda hospitali hiyo hiyo mara mbili huko nyuma, na mara zote alisema alianguka bafuni. Leo anasema ukweli, lakini kadi yake ina rekodi ya bafuni. Msaidizi anayejua kazi yake anamuuliza mapema kama amewahi kusema hivyo, na anamshauri amweleze mpelelezi mwenyewe: nilisema nilianguka kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza. Likielezwa mapema na mama mwenyewe, linakuwa sehemu ya ushahidi wa hofu aliyokuwa nayo. Likifichuliwa mahakamani na upande wa pili, linamfanya aonekane mwongo.

Kuhusu maelezo ya polisi, "alinipiga sana" hayatoshi. Tarehe gani, saa ngapi, kwa mkono gani au kwa kitu gani, alikupiga wapi mwilini, alisema nini, nani alisikia kelele, ulikimbilia kwa nani. Msaidizi anamsaidia kukumbuka kwa kufuata mambo yanayoacha alama kichwani: ilikuwa kabla ya mtoto kufunga shule? Ilikuwa siku umeme umekatika? Hamwekei maneno mdomoni, wala hamwandikii yeye. Na kabla ya kusaini, maelezo yanasomwa yote kwa sauti. Ana haki ya kusema "hapa sivyo nilivyosema."

Nguo iliyochanika au yenye damu haifuliwi. Inawekwa kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana nailoni inafuga unyevu na kuharibu alama. Ujumbe wa vitisho kwenye simu haufutwi hata kama unauma kuusoma. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi. Kama kulikuwa na kubakwa, saa 72 ni kikomo cha kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa hiyo hospitali inatangulia kila kitu. Hapo msaidizi anabeba ukweli mchungu: sheria yetu haimtambui mume kama mbakaji wa mke wake isipokuwa wameshatengana. Asimdanganye mama kwamba kesi hiyo itafunguliwa kirahisi, lakini asimwache aondoke akidhani hana kesi kabisa. Majeraha, vitisho na kipigo bado ni makosa, na matibabu ni haki yake vyovyote itakavyokuwa.

Jambo la mwisho la kituoni: mume akikamatwa leo, anaweza kupata dhamana leo hiyo hiyo. Hili lazima mama alijue kabla hajarudi nyumbani kulala.

Baraza, na suluhu ambayo si suluhu

Kwa anayetaka talaka, sheria inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa. Halitoi talaka. Linasikiliza pande zote mbili, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema hivyo, ambayo inaambatanishwa na maombi mahakamani. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu barazani, na mtu asiye ndugu hawezi kusimama kwa niaba yake bila ruhusa maalumu. Kwa hiyo msaidizi anamwandaa mama nje. Ndani anaingia mwenyewe.

Hati hiyo inaonekana kama karatasi tu, lakini Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo wa shauri la talaka kwa sababu hati haikuwa halali. Fikiria mtu amehangaika miaka, amepanda ngazi zote, halafu anaambiwa aanze upya barazani. Kuikagua hati kabla haijatoka kwenye ofisi ya baraza, majina, tarehe, mhuri, na maneno yanayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, ni kazi ya dakika chache inayookoa miaka. Sheria pia inaacha nafasi ya kwenda mahakamani bila baraza katika hali kadhaa, kwa mfano mume akiitwa na akakaidi kwa makusudi kufika, akiwa ametoroka na hajulikani alipo, au kukiwa na mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mama aliyevunjwa mkono asikubali kuambiwa kwamba hakuna njia nyingine ila kukaa benchi moja na aliyemvunja.

Hapa nitasema bila kuzunguka. Sheria inampa msaidizi wa kisheria kazi ya kusaidia watu kumaliza migogoro kwa amani, na wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mtu mzima mwenye busara ni yule anayepatanisha. Kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, sawa. Kwenye kipigo, msaidizi anayewakalisha mume na mke na kuwaambia "yaishe" anafanya madhara. Suluhu inahitaji watu wawili ambao kila mmoja anaweza kukataa. Mama anayejua kwamba akikataa leo atalipa usiku, hajakubali chochote hata akisaini. Maneno kama "ndoa ni kuvumiliana" yana mahali pake, na mahali pake si mbele ya mtu mwenye mshono kichwani.

Ndivyo ilivyo pia kwa kumpigia mume simu "kumsikiliza na yeye". Usimpigie. Mume atakapojua kwamba mkewe ameanza kutafuta msaada ndipo hatari inapopanda, na wakati wa kuondoka ndio wakati mbaya kuliko yote. Swali la kwanza la msaidizi, kabla ya sheria yoyote, ni kitu kama hiki:

"Dada yangu, habari ya talaka tuiweke pembeni kidogo. Leo usiku unalala wapi, na watoto wako wapi sasa hivi?"

Kutokana na jibu ndipo mpango unapojengwa. Kwa shangazi kuna nafasi? Mume anapajua? Nyumba salama ni chache mno nchini, kwa hiyo mara nyingi jibu ni ndugu au jirani. Nyaraka zinatolewa kidogo kidogo na kuhifadhiwa kwa mtu anayeaminika: kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, nakala ya hati ya nyumba, dawa za kila siku. Kama uamuzi wa mama ni kurudi nyumbani, anarudi, na msaidizi anampa njia ya kumtafuta tena. Wengi hurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka kabisa. Anayekasirika kwa sababu "nilimsaidia akarudi kwa mume" anajifungia mlango wa kumsaidia siku atakapokuwa tayari.

Nyumba ni ya nani?

Hofu inayowarudisha wengi ni mali. "Nyumba ina jina lake, mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Watu huusimulia uamuzi huo kana kwamba Bi Hawa aliondoka na nusu ya mali. Hakuondoka nayo, mahakama iliona kwamba alishapewa pesa na mumewe na akazitumia vibaya. Msingi wa kisheria ndio uliobaki, na wanawake waliomfuata ndio wanaofaidika nao. Mgawanyo unafuata mchango wa kila mmoja, si lazima uwe nusu kwa nusu, na msaidizi asiahidi nusu.

Nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na mwenza anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati kabla haijauzwa. Kwa waliokaa pamoja bila kufunga ndoa, miaka 2 au zaidi ya kuishi na kujulikana kama mke na mume inaleta dhana ya ndoa, yaani wanachukuliwa kuwa wameoana, na mahakama inaweza kuamua mambo ya watoto na mali. Mama wengi wanaondoka mikono mitupu kwa kuamini kwamba bila cheti hawana lolote.

Na kwa kuwa sheria inasema "mwenza", mwanamume anayepigwa naye ana haki zile zile. Huja mara chache, na akija huja na aibu nzito zaidi. Anapokelewa vile vile.

Unapotaka kujitolea

Siri ni sharti la kwanza. Jina la mama halitajwi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wasaidizi, wala picha ya jeraha lake haisambazwi "kwa ajili ya kuelimisha jamii". Mpaka wa siri ni mtoto: Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapokea taarifa hizo. Mama aambiwe hivyo tangu mwanzo, kabla hajaanza kusimulia.

Msaidizi hasimami mahakamani kama wakili na hapokei malipo, hata ya "soda". Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mawakili wanaruhusiwa kwenye mahakama za mwanzo zinazosikilizwa na mahakimu wakazi, kwa hiyo mama aliyesimama peke yake anaweza kukuta upande wa pili una wakili. Kesi ya aina hiyo inapelekwa mapema TAWLA, WLAC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au wakili mwingine wa msaada wa kisheria. Zanzibar mambo ni tofauti: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki kule, zipo mahakama za kadhi, na msaada wa kisheria una sheria yake ya 2018.

Anayetaka kuanza aende ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake aulizie msajili msaidizi wa msaada wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa wilayani. Aulize mafunzo ni ya muda gani, atafanya kazi chini ya nani, nani anamlipia nauli anapomsindikiza mtu polisi, na yeye mwenyewe atazungumza na nani baada ya kusikia aliyoyasikia. Shirika lisilo na jibu la swali hilo la mwisho, atafute jingine.